Urithi wa Lamu: Kitu na Maelezo Yake Vihifadhiwe Pamoja

Kaunti ya Lamu ina makumbusho mengi ukilinganisha na idadi ya watu wake. Ukingoni mwa bahari mjini Lamu lipo jumba la mwishoni mwa karne ya 19, lililokuwa makao ya maofisa wa utawala wa Kiingereza kabla ya kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1971. Ukiingia mitaani utakuta nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18 iliyotunzwa pamoja na vidaka (vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu) na samani zake, na nyumba nyingine iliyokuwa posta ya Wajerumani kati ya 1888 na 1891. Pale Mkunguni, karibu na soko, imesimama Ngome ya Lamu, ambayo ujenzi wake ulianza baada ya watu wa Lamu kuwashinda watu wa Pate na Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, katika vita vya Shela, ukakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1820. Serikali ya kikoloni iliigeuza gereza mwaka 1910, na ilibaki gereza hadi 1984, ndipo ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Leo wenyeji huitumia kwa mikutano, maonyesho na sherehe, na sisi wahifadhi tunafurahi kwa hilo, kwa kuwa jengo linalotumiwa na wenyewe hupata walinzi wengi kuliko lililofungwa kwa kufuli.

Hata hivyo, kuta na makabati ya vioo hayatoshi. Chukua mfano wa siwa ya Pate iliyoko katika Makumbusho ya Lamu, baragumu kubwa la pembe za ndovu lenye urefu unaozidi mita 2, lililonakshiwa kwa ustadi na ambalo hupulizwa kwa tundu la ubavuni. Mgeni asiyeelezwa chochote huona pembe nzuri tu. Anayeelezwa kwamba siwa ilikuwa alama ya mamlaka, kwamba haikupigwa ovyo bali katika kutawazwa kwa watawala na katika harusi za koo zilizokuwa na haki nayo, huanza kuona jinsi miji hii ilivyoendeshwa na nani aliheshimiwa na nani. Maelezo hayo hayakuchongwa kwenye pembe. Yametoka vinywani mwa watu, yakaandikwa, na pasipo kuandikwa yangepotea ilhali pembe yenyewe ingali nzima.

Ndiyo maana mihadhara na mazungumzo ya hadhara ni sehemu ya uhifadhi wenyewe, wala si pambo la kuvutia wageni. Fundi wa chokaa akialikwa kuzungumza mbele ya vijana, anaeleza jambo ambalo hakuna kabati linaloweza kulionyesha: namna matumbawe yanavyorundikwa juu ya magogo na kuchomwa, namna chokaa inavyomwagiwa maji na kuachwa iive kwa muda mrefu kabla ya kupakwa, na kwa nini ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa plasta ya saruji huanza kuharibika. Chokaa huruhusu unyevu kutoka. Saruji huuziba ndani, chumvi ikapasua plasta, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vikaoza bila mwenye nyumba kujua. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini kinachouweka mji huo wima kila siku ni maarifa ya mafundi wa aina hii, ambao wengi wao hawana wanafunzi wa kutosha. Katika mazungumzo hayo tunashauri msemaji arekodiwe kwa idhini yake, na jina lake, tarehe, mahali na jina la aliyerekodi viandikwe papo hapo, kwa sababu sauti isiyojulikana ni ya nani haimsaidii sana mtafiti wa baadaye.

Kanuni hiyohiyo ya kuhifadhi kitu pamoja na maelezo yake inahusu vitu vilivyo ardhini. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wanaakiolojia wakiongozwa na Mark Horton walichimba katika miaka ya 1980 chini ya magofu ya msikiti wa mawe, wakakuta mabaki ya misikiti iliyotangulia, mmoja chini ya mwingine, hadi misikiti midogo ya miti, ya awali kabisa ikiwa ya karne ya 8. Ushahidi muhimu wa misikiti ile ya miti ulikuwa alama za mashimo ya nguzo katika udongo. Lau mtu angepachimba kwa jembe akitafuta vigae vya kuuza, angeondoka na vigae na kuifuta historia ya Uislamu wa kale katika pwani hii bila kujua kwamba ilikuwepo. Tahadhari hii ni ya haraka zaidi sasa, kwa kuwa tangu gati la kwanza la Bandari ya Lamu lizinduliwe Mei 2021, maeneo yasiyowahi kuguswa yanaweza kufunguliwa kwa ujenzi na barabara.

Sheria iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa serikali za kaunti jukumu la makumbusho na shughuli za utamaduni, na kuiachia serikali ya taifa majengo na maeneo ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inamtaka anayegundua kitu au magofu ya kale atoe taarifa ndani ya siku 7, akionyesha mahali hasa na jinsi alivyogundua. Sheria hiyo pia inalinda milango na fremu za milango zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Kwa hiyo mlango wa babu, wenye nakshi kwenye mfaa (ubao wa wima wa katikati ya mlango) na kizingiti, hauwezi kusafirishwa nje ya nchi bila kibali, hata kama mnunuzi amelipa na mwenye nyumba ameridhika.

Kuna familia zinazohofu kwamba zikionyesha hati zao za kale zitanyang'anywa. Hofu hiyo inaeleweka, na haifai kubezwa. Hati za Msikiti wa Riyadha mjini Lamu zilipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza, nakala zikawafikia wasomaji walio mbali bila msikiti kupoteza hati zake. Familia inaweza kufanya vivyo hivyo kwa kiasi chake: tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, barua za biashara na hati za nyumba zipigwe picha, ukurasa baada ya ukurasa, kisha zitunzwe pakavu, mbali na jua na mchwa. Zisifunikwe kwa plastiki inayogandishwa juu ya karatasi (lamination), wala zisibandikwe utepe wa gundi, kwa kuwa gundi hula karatasi na haitoki. Picha za zamani ziandikwe nyuma kwa penseli laini, majina ya waliomo yakianzia kushoto, na kazi hiyo ifanywe wazee wanaowatambua wakiwa bado wapo.