Nani anatoaka zaidi, tajiri ao masikini?

Watu wakijua kama ninafundisha saikolojia ya jamii hapa Goma wananiulizaka hii swali, na karibu wote wanakuja na jibu tayari: tajiri ni mchoyo, masikini njo ana roho nzuri. Nawaambia ngoja kwanza.

Mwaka 2010 Paul Piff na wenzake kule California walipima hivi: unapewa pointi 10, zitageuka makuta, unaamua utamgawia ngapi mtu hata haumjue. Wale wa hali ya chini waligawa zaidi, na ile habari ikazunguka dunia mzima. Lakini kisha watafiti wengine, kule Uholanzi, wakatia bahasha mu nyumba za watu kama vile posta imekosea anwani, ndani noti inaonekana, na matajiri njo walirudisha zaidi, kupita mara mbili ya masikini. Sasa? Walipoangalia vizuri wakaona haiko roho mbaya: siku zilivyopita toka masikini apate makuta, ndivyo bahasha zilipunguka kurudi. Mfuko ulikuwa umekauka, ni hiyo tu.

Kuna AVEC moja, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ya wamama wa mtaa wa Ndosho, ninaifataka. Sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo tatu kwa wamama watatu, mmoja akikosa halifunguke. Mbele ya akiba kila mtu anatia 500 ya solidarite, ile ya ugonjwa na matanga, na mwenye duka anatia 500 sawa na mwenye kuuza sambaza, samaki wadogo, mu beseni. Mimi niliona haiko haki, nikasema kwa nini mwenye nguvu asiongeze. Mama wa sambaza akakunjua noti yake, ilikuwa ingali na maji ya samaki, akaniambia: "Mwalimu, acha. Nikitoa kidogo kuliko yeye, siku mtoto wangu atagonjwa nitakuja kuomba na haya." Toka siku ile sikupimaka tena roho ya mtu kwa kuangalia kiasi tu.

Na tajiri wa mtaa wa Himbi? Kwa matanga anatoa bahasha nzito, mchoyo haiko. Lakini Jumamosi ya salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, kuzibua mtaro, anatuma sentinele, mlinzi wake, juu yeye ana tanki yake ya maji, jenereta yake, ukuta wake, jeep inayopita mu matope yoyote. Ile mtaro haimuhusu tena. Stéphane Côté na wenzake walionyesha mu 2015 kitu kama hicho kule Marekani: wenye mapato makubwa walitoa kidogo kuliko wengine pale tu ambapo pengo kati ya tajiri na masikini ni kubwa, na fasi pengo ni dogo hiyo tofauti haikuonekana. Kwangu mimi hiyo njo inasema mingi kuliko mengine yote.

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano kisha volkano Nyiragongo kulipuka, walitwambia tutoke mu mji na tukajaa mu njia ya Sake, chukudu za mbao za kubebea mizigo, pikipiki, majeep, wote mwendo moja. Jirani yangu, yule tajiri hatujawahi kumuona kwa salongo, alisimamisha jeep akashusha magodoro yake na kupandisha wamama saba na watoto wao, hakuuliza hata jina la mtu.

Mtaro wetu ungali umeziba. Jumamosi hii nitaenda kugonga kwake na nitamuomba sentinele amuite yeye mwenyewe.