Ukomo wa deni la Marekani si ruhusa ya kutumia

Kila ukomo wa deni la Marekani unapopandishwa, huwa nasubiri sentensi moja, na haichelewi: "Bunge limeiruhusu serikali itumie zaidi." Wachambuzi wa kihafidhina wa kule huisema kwa hasira, wa kwetu huitafsiri kama ilivyo, na baada ya siku mbili imeshafika kwenye makundi yote ya WhatsApp. Julai 2025, ukomo ulipoongezwa dola trilioni 5 na kufika trilioni 41.1, niliisikia mpaka nikazima redio.

Maana kwanza, haraka. Ukomo wa deni ni kiwango cha juu kabisa cha deni ambacho serikali kuu ya Marekani inaruhusiwa kisheria kuwa nacho. Basi.

Matumizi hayamo humo. Yanapitishwa kwa sheria nyingine: za bajeti ya kila mwaka, na zile za kudumu zinazolipia pensheni ya Social Security na sehemu kubwa ya matibabu ya wazee ya Medicare. Kodi nazo zina sheria zake. Bunge likishaamua kitakachotoka na kitakachoingia, pengo limeshaamuliwa. Ukomo wa deni huja mwishoni kuuliza kama Wizara ya Fedha ikope ili kuliziba. Ni kamati ya harusi iliyokwisha kuagiza pilau ya watu mia tatu na kuweka oda ya ukumbi, michango haijatosha, halafu inampiga mweka hazina marufuku kukopa. Mwenye pilau bado anadai chake.

Kinachonikera zaidi ni historia yake. Ukomo husimuliwa kama breki waliyoibuni wabunge wa zamani waliojua kubana matumizi. Wapi! Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Bunge liliidhinisha mikopo kwa shughuli maalumu: hatifungani (hati za serikali za kukopa, zenye riba) hizi za Mfereji wa Panama, zile za vita na Hispania, na mara nyingi likapanga na riba yake. Mwaka 1917 Marekani ilipoingia vitani, utaratibu huo ukawa mzigo. Bunge likaipa Wizara ya Fedha uhuru mpana zaidi wa kukopa, ila likaweka viwango vya juu. Mwaka 1939 likaweka kiwango kimoja cha jumla, dola bilioni 45, ili wizara ijichagulie yenyewe aina ya hatifungani za kuuza. Ukomo ulizaliwa kurahisisha kukopa. Kugeuzwa silaha ya kubania kulikuja baadaye.

Na silaha hiyo, tuwape haki yao wahafidhina, imewahi kuwaletea kitu. Mwaka 2011 Warepublican wa Baraza la Wawakilishi walimlazimisha Obama akubali sheria ya kudhibiti bajeti, na mwaka 2023 Spika wao Kevin McCarthy akapata kwa Biden vikomo vya matumizi vya miaka miwili. Hoja yao kwamba ndiyo nafasi ya nadra ya kulitazama deni lote kwa pamoja ina uzito. Ila gharama yake haikuwa ndogo: Agosti 2011 shirika la kupima uaminifu wa wakopaji la Standard & Poor's liliishusha Marekani kutoka daraja la juu kabisa la ukopaji, kwa mara ya kwanza katika historia yake. McCarthy naye aling'olewa kwenye uspika Oktoba 2023, na wahafidhina wenzake ndio waliolianzisha. Wala uchungu huu hauna chama. Obama alipokuwa seneta mwaka 2006 alipiga kura kupinga ukomo kupandishwa, akaja kujuta alipofika Ikulu. Trump, Desemba 2024, alisema afadhali ukomo ufutwe kabisa.

Kuna mchanganyo wa pili, wa kuuita ukomo wa deni na kufungwa kwa shughuli za serikali kitu kimoja. Shughuli hufungwa pale sheria za bajeti zinapokosekana: baadhi ya watumishi hubaki nyumbani, makumbusho hufunga milango, lakini wenye hatifungani wanalipwa riba yao kama kawaida. Serikali ilifungwa siku 43 kuanzia Oktoba 1, 2025, wakati deni lilikuwa kama trilioni 38, yaani ukomo bado uko mbali. Ukomo ukigonga, mambo huwa tofauti. Januari 2023 uligonga kwenye trilioni 31.4, na ofisi zote zikaendelea na kazi. Wizara ya Fedha ikawa inasogeza siku kwa ujanja wa kihasibu, kama kusimamisha kwa muda kuwekeza fedha za mfuko wa akiba za uzeeni za watumishi wake, ambazo sheria inataka zirudishwe baadaye. Ujanja ukiisha, anayekosa malipo anaweza kuwa hata mwenye hatifungani.

Wakenya wameipitia hii kwa namna yao: ukomo wa shilingi trilioni 10 uliowekwa mwaka 2022 uliachwa mwaka uliofuata, badala yake kukawekwa asilimia 55 ya pato la taifa.

Kwa hiyo anayeilalamikia sheria ya Julai 2025, ile iliyopandisha ukomo, kwa sababu ya deni asikosee kifungu. Vipo vya kodi na matumizi, ambavyo ofisi ya bajeti ya Bunge ilikadiria vitaongeza nakisi (lile pengo la mapato na matumizi) kwa dola trilioni 3.4 hivi katika miaka kumi. Hivyo ndivyo vya kugombania. Kile cha trilioni 5 kinaruhusu kukopa ili kuvilipia.