Majaribio ya Python 2 ndani ya Python 3: dhana potofu na ukweli

Katika chumba ninamofanyia kazi hapa Kampala kuna kompyuta moja isiyozimwa wala kusasishwa, kwa sababu ndiyo pekee iliyobaki na Python 2, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu, na ndiyo inayoendesha hati za majaribio za programu yetu ya hesabu za maduka, yaani programu ndogo zinazokagua kama programu hiyo inatoa majibu yanayotarajiwa. Python 3 ilitolewa Desemba 2008, na Python 2 iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, baada ya ukomo wa kwanza wa 2015 kusogezwa mbele miaka mitano. Kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba tulishtukizwa. Tulipoanza kuzihamisha hati hizo tulikuwa na imani kadhaa zilizotupotezea muda, na baadhi yake nilikuwa nimezishikilia mimi mwenyewe.

Dhana: Kilichobadilika ni print (amri ya kuonyesha maandishi kwenye skrini) tu.

"Ssebo, hiyo ni kazi ya kuongeza mabano," aliniambia kijana mmoja wa ofisini, nami asubuhi ile nilikubaliana naye. Ukweli ni kwamba print ndiyo badiliko lisilo na madhara, kwa kuwa Python 3 huikataa ile ya zamani papo hapo na kukuonyesha mstari wenye kosa. Cha kuogopwa ni maandishi yanayokubalika katika matoleo yote mawili huku maana yake ikiwa imegeuka, na mfano mkubwa ni kugawanya. Katika Python 2, namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima kwa mkwaju mmoja (/) hutoa namba nzima, na kinachosalia hutupwa. Katika Python 3 jibu huja na desimali, na anayetaka namba nzima huandika mikwaju miwili (//).

Kodi ya ongezeko la thamani nchini Uganda ni asilimia 18. Chukua bidhaa ya shilingi 3,525, zidisha kwa 18, kisha gawanya kwa 100: Python 2 inakupa 634, na Python 3 inakupa 634.5. Jaribio letu lilitarajia 634, likaanguka. Mwenzangu akalitibu kwa round, amri ya kukadiria namba iwe nzima, likapita, akaendelea na jingine. Kumbe round nayo imebadilika. Ile ya Python 2 ilipandisha 634.5 kuwa 635, ilhali ya Python 3 huipeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo jirani, ndiyo maana ilirudisha 634 na kutufurahisha bure. Kwa bidhaa ya shilingi 3,475, ambayo kodi yake ni 625.5, round hiyo hiyo inatoa 626, wakati programu ya zamani ilikuwa ikitoza 625. Jaribio lilipita kwa bahati ya bei tuliyoichagua.

Dhana: Kifaa cha 2to3 kitamaliza kazi yote.

Kifaa hiki cha kugeuza hati za Python 2 ziwe za Python 3 hurekebisha sarufi, na hufanya hivyo vizuri, lakini mkwaju wa kugawanya hakiugusi, kwa sababu kwa kusoma maandishi peke yake hakiwezi kujua kama namba zitakazopita hapo ni nzima au ni za desimali. Isitoshe, kimeondolewa katika Python 3.13 ya mwaka 2024, hivyo anayekihitaji lazima awe na toleo la nyuma yake. Njia iliyotusaidia zaidi ilikuwa kuagiza division kutoka moduli ya __future__, inayoipa Python 2 mgawanyo wa Python 3, juu ya kila hati tukiwa bado ndani ya Python 2, ili majaribio yote ya mgawanyo yaanguke tukingali na mazingira tunayoyafahamu.

Dhana: Majaribio yote yakipita, uhamisho umekamilika.

Hii ndiyo dhana niliyoiamini kuliko zote, na ndiyo yenye hatari kubwa. Tulikuwa na jaribio lililochuja orodha ya wadaiwa kwa filter, kisha likathibitisha kwa assertTrue, amri inayodai jambo liwe kweli, kwamba kuna angalau mdaiwa mmoja. Katika Python 2, filter ilirudisha orodha, na orodha tupu huhesabiwa kuwa si kweli, kwa hiyo wadaiwa wakikosekana jaribio liliangua kilio. Katika Python 3, filter hurudisha kitu ambacho hutoa majibu yake kimojakimoja kinapoombwa, na kitu hicho huhesabiwa kuwa kweli hata kama ndani yake hamna chochote. Kama tungetumia 2to3, kingekizungushia list, amri ya kukigeuza kuwa orodha, na kutuokoa. Sisi tulihamisha hati hiyo kwa mkono, na jaribio likawa limekufa likiwa bado linaonyesha rangi ya kijani ya kupita. Tuligundua siku nilipofuta kwa makusudi sehemu inayoandika madeni, nikaendesha majaribio, na lile halikutikisika. Tangu hapo kila jaribio lililohamishwa huharibiwa kwanza programu yake, ili tulione likianguka, ndipo tunalipokea.

Dhana: Mambo ya herufi hayatuhusu, maana tunaandika Kiingereza na Kiswahili.

Majina ya bidhaa na ya watu hayakuombi ruhusa. Neno la Kiganda eŋŋoma, ambalo ndiyo ngoma, lina herufi 6. Lakini katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta, kila ŋ huchukua baiti mbili, na Python 2 ikipima maandishi ya kawaida huhesabu baiti na kupata 8. Jaribio letu la upana wa risiti lilisema 8, maana aliyeliandika alinakili jibu la kompyuta bila kuhesabu kwa kidole. Python 3 inasema 6, na ndiyo iliyo sahihi.

Dhana: Ukishafika Python 3, umefika.

Jina la zamani assertEquals, la amri ya kulinganisha jibu na lile lililotarajiwa, lilivumiliwa kwa miaka mingi, kisha likaondolewa katika toleo la 3.12 la mwaka 2023. Nose, iliyokuwa ikiendesha majaribio ya watu wengi, haifanyi kazi tangu toleo la 3.10.

Dhana: Ni nafuu kutupa majaribio ya zamani na kuandika mapya.

Huenda ni nafuu kwa aliyeandika programu mwenyewe na bado anakumbuka sababu za kila namba. Sisi hatukukumbuka kwa nini kodi ilikuwa 634 na si 635, na hakuna maelezo yaliyoandikwa. Nilimpelekea mhasibu wetu swali hilo, akanijibu bila kuinua macho: "Nusu shilingi tunaiacha. Ndivyo tulivyokubaliana na wenye maduka." Tukaiondoa round, tukaandika mikwaju miwili, tukaongeza bei ya 3,475 kwenye jaribio, na juu yake tukaandika jibu la mhasibu.