Samadi Haimnenepeshi Sato

"Bwana samaki, samadi nimetia ya kutosha, mbona sato hawakui?" Swali hili naulizwa karibu kila bwawa ninalofika, na mara nyingi jibu liko juu ya kichwa cha muulizaji: mwembe. Bwawa limechimbwa kivulini, au migomba imeachwa ikalifunika, halafu mwenyewe anaongeza samadi akitumaini itafidia. Isipofidia, anaongeza tena.

Dhana yenyewe ni kwamba samadi ndiyo chakula. Ng'ombe kala majani, katoa kinyesi, samaki kala kinyesi, basi nishati inazunguka. Hapana, haizunguki. Kinachozunguka ni virutubisho: nitrojeni, fosforasi, potasiamu. Hivyo vitatoka kwenye majani, vitapita kwa ng'ombe, vitaingia bwawani, vitakaa kwenye tope, na ukipeleka tope shambani vinaanza upya. Nishati haina safari ya kurudi. Inatoka juani, inapita mwilini mwa kiumbe mmoja hadi mwingine, na kila inapopita sehemu kubwa inageuka joto. Joto hilo likishapotea majini na hewani, hakuna mdudu wala samaki awezaye kuligeuza chakula tena.

Samadi inapofika bwawani, ng'ombe ameshachukua chake. Nyuzinyuzi zinazobaki huliwa na bakteria, na sato naye hula bakteria hao kidogo, hilo silikatai. Samadi ya kuku wa chakula cha dukani ina mabaki mengi zaidi. Lakini hiyo ni nyongeza tu. Kazi kubwa ya samadi ni kuvirutubisha vimea vidogo mno, vile vinavyoyapa maji rangi ya kijani, na vimea hivyo bila jua havizalishi kitu.

Tupige hesabu, tena kwa uniti za umeme kwa sababu kila mtu anazijua. Mita moja ya mraba hapa kwetu hupokea jua la uniti 5 hivi kwa siku. Bwawa la mita 20 kwa 15 linapata uniti 1,500. Vimea vya majini, hata vikirutubishwa vizuri, hunasa kama asilimia 1: uniti 15. Katika hizo, kinachoishia kuwa mwili wa sato ni takribani sehemu ya kumi, yaani uniti moja na nusu, sawa na kilokalori 1,300 hivi. Gramu moja ya samaki mbichi ina kilokalori moja na ushee. Kwa hiyo bwawa zima linaongeza kama kilo moja ya samaki kwa siku, na hapo mwenyewe awe mtunzaji hodari. Funika nusu ya maji kwa kivuli, utabaki na nusu kilo. Toroli la samadi halitakurudishia nusu iliyopotea. Shoka litakurudishia.

Kabla ya kumwaga chochote, pima kwa mkono. Saa sita mchana, kunja kiganja kielekee juu, uzamishe mkono polepole. Kiganja kikipotea maji yakiwa yamekaribia kiwiko, na rangi ni ya kijani, si ya tope, bwawa liko sawa. Kikipotea mapema zaidi ya hapo, acha samadi. Kikionekana hata maji yakipita kiwiko, ongeza kidogo, ndani ya kiboma cha fito pale kwenye kona, usiitawanye bwawa zima. Nimechoka kulirudia hili, na bado nitalirudia.

Samadi ikizidi, bakteria wanaoiozesha humaliza oksijeni. Hapa ndipo inapoingia dhana nyingine, ya kwamba maji ya kijani yana hewa muda wote kwa kuwa mimea hutoa oksijeni. Mimea hupumua usiku na mchana kama sisi. Mchana hutoa oksijeni nyingi kuliko inayotumia, usiku inatumia tu. Ndiyo maana samaki huelea juu wakihema alfajiri, na mwenye bwawa akiwakuta wamekufa anasema jirani katia sumu. Kabla ya kugombana na jirani, fika bwawani saa kumi na moja asubuhi uone midomo yao.

Kuna pia wanaodhani mmea unakula udongo, kama samaki anavyodhaniwa kula samadi. Mwanasayansi Jan Baptista van Helmont alilijaribu hilo kwa kupanda mche wa mti kwenye chungu. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1648. Baada ya miaka mitano mti uliongezeka zaidi ya kilo 70, udongo ukapungua gramu zisizofika 100. Yeye alihitimisha kwamba mti umetokana na maji, akakosea, maana uzito mwingi wa mti mkavu unatokana na hewa ya kaboni na jua ndilo linaloijenga. Lakini udongo alikuwa ameshauondolea lawama.

"Basi nifuge kambale, ana bei, atakula vifaranga wa sato." Kambale wachache wa kupunguza vifaranga, sawa kabisa. Kambale wa kutegemea bwawa peke yake, yeye anamla sato, hivyo bakiza tena sehemu ya kumi tu: ile kilo moja inakuwa gramu 100. Raymond Lindeman, mtafiti wa viumbe na mazingira yao, aliyaeleza haya ya nishati kupungua kila hatua katika makala ya mwaka 1942, baada ya kuchunguza ziwa dogo la Cedar Bog huko Minnesota, Marekani, na akafa kabla makala yake haijatoka. Hiyo asilimia 10 ni makadirio. Mahali pengine ni 5, pengine 20. Mwelekeo haubadiliki. Hata Ziwa Victoria, sangara ndiye mwenye jina, lakini kwa uzito wa mavuno dagaa yuko mbele, kwa kuwa yuko karibu zaidi na chanzo.

Mwingine ataniambia chakula cha dukani kinavuka hesabu zangu. Hakivuki. Mashudu ya alizeti ni jua la Singida lililofungwa kwenye kiroba, umelinunua, hujalizalisha.

Na wale wanaoona vimea majini ni vichache kuliko samaki, wakasema haviwezi kuwalisha: vimea hivyo huongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Vinaliwa na vinazaliwa. Ukipima uzito wake leo hujapima kilichopita wiki nzima.

Hukosi pia msomi wa kunikumbusha viumbe wasiotegemea jua. Wapo. Mwaka 1977 waligunduliwa kwenye chemchemi za moto chini ya bahari karibu na visiwa vya Galápagos, ambako bakteria hupata nishati kutoka kwenye gesi ya salfa yenye harufu ya mayai viza. Harufu hiyohiyo ukiisikia kwenye tope la bwawa lako, sato wako hawafaidiki nayo, inawaua. Vua samaki, kausha bwawa, tope lizoe ulipeleke kwenye mboga.