Vitatange hawajafunga ndoa

Hadithi ya mapenzi ya vitatange, wale samaki bapa wa rangi wanaoishi kwenye miamba ya matumbawe, imenichosha. Juzi nimeisikia tena botini tukitoka kisiwa cha Mnemba, Zanzibar, wageni wa fungate wakiambiwa kwamba vitatange wakishapatana hawaachani mpaka kufa, na mmoja akivuliwa mwenzake hugoma kula mpaka naye afe. Wageni wakalengwa na machozi. Mimi nikatazama maji.

Kinachokera ni kwamba nusu yake ni kweli. Chaetodon trifasciatus, yule mwenye mistari myembamba ya zambarau, ukizamia kisiwani Chumbe utamkuta na mwenziwe karibu kila mara, na wapo vitatange waliofuatiliwa wakaonekana na mwenza yule yule miaka kadhaa. Sawa. Lakini vitatange ni spishi zaidi ya 120, jamani! Mtazame Chaetodon trifascialis, mweupe mwenye mistari iliyokunjwa kama V ubavuni, anayeshinda juu ya matumbawe yaliyotanda kama meza. Dume lake huishi kama bwana mwenye wake kadhaa, kila mmoja na nyumba yake: majike wana vieneo vyao, yeye anavizungukia vyote. Huyo hatajwi botini.

Halafu hilo la "bwana na bibi". Kwa macho huwezi kumtofautisha kitatange dume na jike. Watafiti waliowapima jinsia wamewahi kukuta majike wawili pamoja, na hata madume wawili. Kwa hiyo kiongozi anayenyoosha kidole na kusema "yule mkubwa ndiye mume" anabuni tu.

Kinachowaweka pamoja kwa sehemu kubwa ni chakula. Trifasciatus hula nyama ya matumbawe hai, anadonoa kidogo hapa, kidogo pale, mchana kutwa. Chakula hicho hakihami, basi inafaa kukilinda, na wawili hulinda vizuri kuliko mmoja. Kaa kando ya jiwe lao utulie, usiwafukuze na kamera. Jirani akisogea mpakani, mmoja huinamisha kichwa, husimamisha miiba ya mgongoni na kumgeuzia ubavu. Mwenziwe mara nyingi anaendelea kudonoa. Wakipotezana nyuma ya jiwe, hupanda juu kidogo, hutafutana, kisha wanaendelea na ziara yao.

Na mjane? Huko Lizard Island, Australia, watafiti waliondoa mwenza mmoja makusudi. Aliyebaki alipata mwingine. Mwanzoni wenza hao wapya waligombana wao kwa wao na wakala kidogo kuliko wenza waliozoeana. Mimi naona hilo linavutia kuliko kilio: mazoea yenyewe yana faida, kwa sababu mwenza mpya ni gharama.

Kuzaa nako kupo, sikatai. Jioni jua likizama, dume humsukuma jike tumboni kwa mdomo, wanapanda pamoja, wanaachia mayai na mbegu majini, wanateremka mbio. Mayai huchukuliwa na mkondo. Hakuna anayelea mtoto, na vichanga huelea bahari kuu kwa wiki kadhaa, vichwa vimefunikwa magamba ya mfupa, kabla ya kurudi mwambani.

Sasa nikiri kinachonisumbua mimi. Nikikuta wawili kwenye jiwe lile lile mwaka unaofuata, siwezi kuapa kuwa ni wale wale. Bila alama, au picha ya kovu au mstari uliokatika, nimeona jiwe lenye vitatange wawili, basi. Hata nani anamfuata nani kwa ajili ya kuzaa na nani kwa ajili ya tumbo, kwa kutazama tu sitenganishi. Ndiyo maana daftarini naandika "wawili wanaogeuka pamoja", na safu ya jinsia naiacha tupu.

Enyi viongozi wa boti, mkiishiwa maneno, wasimulieni wageni habari ya 2016. Matumbawe yalipopauka mwaka ule, yaani yalipogeuka meupe kwa joto la bahari, watafiti waliokuwa wakiwatazama vitatange kabla na baada waliona ugomvi wao umepungua kwa theluthi mbili. Chakula kikiwa duni, hakuna tena cha kupigania, na nguvu ya kupigana nayo haipo.