Akiwa wa kwetu, hatatuonea? Dhana kuhusu polisi wa Nairobi

Dhana: Afisa wa kabila letu hawezi kututesa.
Januari 2023, jijini Memphis, Marekani, Tyre Nichols alipigwa na maafisa 5, wote weusi kama yeye, akafariki siku 3 baadaye. Gwanda nalo lina ukoo wake.

Dhana: Basi asili ya afisa si kitu.
Wengi hurukia huku upesi mno. Utafiti wa Chicago uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2021 uliwalinganisha maafisa waliofanya kazi katika mazingira yaleyale. Weusi waliwasimamisha na kuwakamata watu wachache kuliko weupe, na walitumia nguvu mara chache zaidi. Wanawake pia walitumia nguvu mara chache kuliko wanaume. Chicago si Nairobi, lakini binadamu ni walewale.

Dhana: Kuangalia kabila wakati wa kuajiri ni siasa tu.
Ni Katiba. Ibara ya 246 inataka Huduma ya Taifa ya Polisi iakisi maeneo na makabila ya Kenya.

Dhana: Makabila yote yakiwemo kikosini, mtaa wetu umewakilishwa.
Hapa ndipo tunapodanganyika zaidi. Makurutu huandikishwa nchi nzima, kisha wakihitimu hupangwa popote. Orodha ya taifa inaweza kupendeza huku zamu ya usiku Eastleigh, mtaa wenye Wasomali wengi, ikikosa hata mmoja anayesikia Kisomali.

Katika msako wa Usalama Watch, Aprili 2014, maelfu walikamatwa, wengi wao Wasomali, na wengi wakazuiliwa uwanjani Kasarani. Malalamiko ya kudaiwa hela ili kuachiliwa yalikuwa mengi. Askari wawili watatu wa Kisomali wasingezuia amri iliyotoka juu, tusijidanganye. Siku za kawaida ni habari nyingine: mama aliyeibiwa akieleza kwa lugha yake, kwenye OB, daftari la matukio la kituo cha polisi, kutaandikwa yaliyompata, si alichokisia mkalimani wa kuokoteza. Uwakilishi ninaoujali mimi uko pale kaunta.

Dhana: Askari wa kike ni wa dawati la jinsia, lile la kupokea kesi za ukatili wa kijinsia kituoni.
Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke, kwa staha. Sasa doria ikitoka na wanaume watupu, nani atawapekua abiria wa kike matatu ikisimamishwa Juja Road saa tatu usiku? Dada, ukikutana na doria kama hiyo, una haki ya kudai aitwe askari wa kike.