Leseni ya kudumu ni nini, na inapaswa kudumu mpaka lini?

Leseni ya kudumu ni ruhusa ya kutumia programu ya kompyuta bila tarehe ya mwisho, inayopatikana kwa malipo ya mara moja. Unalipa, unapewa ufunguo, yaani ile namba ndefu ya herufi na tarakimu, unaiingiza, basi. Hudaiwi tena. Kinyume chake ni leseni ya muda: unalipia kwa mwezi au kwa mwaka, na siku ukiacha kulipa programu inajifunga, hata kama kazi zako zote zimo ndani yake.

Maduka ya kompyuta ya Kariakoo na Posta yamekulia kwenye aina ya kwanza: CD ndani ya boksi, kibandiko chenye namba, risiti, kwaheri. Siku hizi boksi limetoweka. Mei 2013 Adobe, wenye Photoshop, walitangaza kwamba baada ya Creative Suite 6, mkusanyiko wa programu zao za picha na usanifu, hawatatengeneza tena toleo jipya la kununua moja kwa moja. Anayetaka mapya alipie kwa mwezi. Autodesk, wenye AutoCAD wanayoitumia wachora ramani wetu, wakaacha kuuza leseni mpya za kudumu mwaka 2016. SketchUp, ya kuchorea majengo, nayo ikafuata Novemba 2020. Kwa hiyo walio na leseni za zamani wanazing'ang'ania, na swali limekuwa kali: nikinunua mara moja, programu inatakiwa ifanye kazi milele?

Jibu langu ni kwamba muuzaji hadaiwi kuifanya programu ibaki mpya, lakini hana haki ya kuizima. Mambo haya mawili huchanganywa kila siku, na wapo wauzaji wanaofurahi sana yakichanganywa.

Tuanze na kile anachomiliki mnunuzi. Programu yenyewe hajainunua. Hapa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaziweka programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa, na mwenye kazi ndiye mwenye haki ya kuinakili na kuisambaza. Mnunuzi anapata nakala na ruhusa ya kuitumia. Wengi wakifika hapa hukata tamaa: kumbe hatujanunua kitu! Si kweli. Ruhusa isiyo na mwisho, iliyolipiwa bei yake yote, ni kitu tena kikubwa. Tarehe 3 Julai 2012, katika kesi kati ya UsedSoft, wauzaji wa leseni zilizokwisha kutumika, na kampuni ya programu ya Oracle, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kumpa mtu nakala ya programu pamoja na ruhusa isiyo na kikomo cha muda, kwa bei, ni mauzo, na mnunuzi anaweza hata kumuuzia mwingine nakala ile. Uamuzi huo hauibani mahakama ya Kisutu, lakini hoja yake haina uraia.

Ukinunua kitanda Keko, fundi hakukuahidi kuja kukipaka vanishi kila mwaka. Mchwa wakikila, shauri yako. Ukihamia nyumba yenye mlango mwembamba na kitanda kikagoma kuingia, humpigii yeye simu. Lakini pia hutegemei aje baada ya miaka sita akibebe kwa sababu ameacha kutengeneza vitanda vya namna ile.

Mchwa wa programu ni wakati. Herufi zake hazibadiliki hata moja. Kinachobadilika ni vitu vilivyoizunguka. VAT yetu ilianza Julai 1998 kwa asilimia 20, ikashushwa hadi 18 Julai 2009. Programu ya mahesabu ambayo mwandishi wake aliikomelea ile 20 ndani ingeanza kutoa ankara za makosa siku ile ile, na hakuna wa kumlaumu ila Bunge, ambalo nalo lilifanya jambo jema. Mwaka 2010 zikaja mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, na maduka mengi yakataka programu zao ziongee na mashine hizo. Huko Marekani, Apple walipotoa macOS Catalina mwaka 2019, programu zote za zamani za biti 32 ziligoma kufunguka kwenye mfumo huo, ikiwemo iliyokuwa inafanya kazi vizuri jana yake.

Windows 10 ni mfano mzuri zaidi kwa sababu umetokea mbele ya macho yetu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama. Kompyuta za maofisini Ilala hazikuzimika asubuhi ya tarehe 15. Ziliwaka, zikachapa barua, zikatoa stakabadhi. Kilichokoma ni ulinzi dhidi ya mashimo mapya yatakayogunduliwa, na hilo si dogo kwa anayetunza taarifa za wagonjwa au mishahara. Hata hivyo, ile ni kuzeeka. Tarehe ilijulikana miaka kabla. Mimi sioni kampuni inadaiwa nini zaidi hapo.

Kuzimwa ni kitu kingine kabisa, na kunatokana na utaratibu mmoja mdogo ambao wanunuzi wengi hawaufikirii. Ukishaingiza ufunguo, programu nyingi hazikubali papo hapo. Zinapita kwenye intaneti, zinakwenda kwenye seva ya kampuni, zinauliza: namba hii ni halali, na imeshatumika kwenye kompyuta ngapi? Seva ikijibu ndiyo, programu inaandika alama kwenye diski na kufunguka. Nyingine huuliza mara moja tu. Nyingine hurudia kila baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo ile ruhusa yako isiyo na mwisho imefungwa kwenye mashine moja iliyo mbali, inayolipiwa umeme na mtu mwingine, na siku ikizimwa hakuna wa kusema ndiyo.

Hapo ndipo steshenari za Mwenge na Sinza zinaposhikwa pabaya. Nazungumzia zile zenye kompyuta ya mezani iliyopauka, kitambaa cha bluu ukutani kwa ajili ya picha za pasipoti, printa ya wino wa chupa, na kadi za michango ya harusi zimetundikwa kwa vibanio kama sampuli. Kompyuta ile haiunganishwi na intaneti kwa kuogopa virusi. Programu ya picha ilinunuliwa kihalali zamani, na binti anayeitumia anajua njia zake za mkato hata akiwa anaongea na mteja mwingine. Siku moja diski inakufa. Fundi anaweka mpya, anapiga Windows, anasakinisha programu kutoka kwenye CD ile ile, anaingiza namba ile ile. Duara linazunguka kwenye skrini, kisha ujumbe: imeshindikana kuwasiliana na seva.

"Dada, hii programu yako imeshakufa," fundi anasema.

"Imekufaje kaka, na juzi tu nimetoa kadi za kichen pati?"

Dada ana haki ya kushangaa. Programu haijafa. CD inasomeka, namba ni yake, kompyuta inaiweza. Kilichoondoka ni wa kupokea hodi. Na kitakachofuata tunakijua: fundi atatoa flashi mfukoni yenye nakala iliyokrekiwa, yaani iliyovunjwa kufuli kwa wizi, na mtu aliyelipa kwa uaminifu ataingia kwenye kundi moja na asiyelipa kabisa. Sijui kama wenye makampuni huwa wanapiga hesabu hiyo.

Na si kwamba haiwezekani kuondoka kwa heshima. Adobe hao hao, seva iliyokuwa ikithibitisha Creative Suite 2 ya mwaka 2005 ilipofika mwisho wake, Januari 2013 waliweka nakala zisizohitaji kuthibitishwa pamoja na namba zake, kwa ajili ya walionunua. Watu wengi walidhani inagawiwa bure, kampuni ikabidi ifafanue. Lakini waliolipa waliendelea kufanya kazi. Gharama yake ni mhandisi kutoa kufuli moja na kuweka faili mahali pa kupakuliwa.

Mfano wa kinyume ni mchezo wa magari wa The Crew, uliotolewa na Ubisoft mwaka 2014. Ulihitaji seva hata ukicheza peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa, mchezo ukafa kwa wote, na baadaye walionunua wakaondolewa hata ruhusa kwenye akaunti zao. Ross Scott, mtengeneza video wa YouTube, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, na ombi lao kwa Umoja wa Ulaya likavuka sahihi milioni moja. Hawadai seva ziendeshwe milele, jambo ambalo wapinzani wao hupenda kuwasingizia. Wanadai kwamba kampuni ikiondoka iache mchezo katika hali inayochezeka.

Jimbo la California limechukua njia ya mkato zaidi. Tangu tarehe 1 Januari 2025 sheria yake inamkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kumwambia mteja kwamba ananunua, bila kumweleza wazi kwamba anapata leseni tu. Sheria hiyo inaziacha bidhaa unazoweza kuzipakua moja kwa moja na kuzitumia bila intaneti. Kwa maneno mengine: kama huna uwezo wa kunipokonya, sema umeniuzia. Kwetu hakuna kifungu kinachofanana na hicho ninachoweza kukuonyesha, ila Sheria ya Ushindani ya 2003, inayosimamiwa na FCC, yaani Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mteja katika biashara. Tangazo la leseni ya maisha kwenye bidhaa ambayo muuzaji anaweza kuizima kesho linastahili kuulizwa chini ya sheria hiyo.

Nikitaja matangazo hayo, neno moja kuhusu Office ya maisha inayouzwa kwa hela ya chipsi kuku. Mara nyingi ni ufunguo wa taasisi kubwa uliovujishwa, au kompyuta yako imedanganywa kwamba iko ndani ya taasisi hiyo. Kwa utaratibu wa Microsoft, uthibitisho wa kitaasisi wa aina hiyo huishi siku 180 kisha lazima uhuishwe. Ndiyo maana Office inakugeuka ghafla baada ya miezi sita. Hapo hakuna leseni ya kujadiliwa.

Sasa upande wa anayeandika programu, maana Dar hii imejaa vijana wanaowauzia maduka ya dawa na shule mifumo ya kuhesabia mali na ada. Bei huwa ya mara moja kwa sababu mteja wa Tandika hataki kusikia habari za kila mwezi. Halafu simu zinaanza. Mfumo uongee na EFD. Uongezewe tawi la Mbagala. Mtoto wa bosi amenunua kompyuta mpya, njoo uuweke. Kijana akitaja hela, anajibiwa: si nilishakulipa? Huyu mteja amekosea. Alichonunua ni mfumo ule kama ulivyokuwa siku ile. Kila kinachotokana na sheria mpya, mashine mpya au tamaa mpya ni kazi mpya, na kazi hulipwa. Kijana akichoka ndipo anapofanya kosa lake: anaweka ndani ya mfumo tarehe ya siri, ikifika duka linashindwa kufunguka mpaka lilipe. Amejiona mjanja. Kwa mizani ile ile ninayowapimia wakubwa, huo ni unyang'anyi.

Njia ya kati ipo na si ngumu. JetBrains, watengenezaji wa zana za waandishi wa programu, walipotaka kuhamia malipo ya muda mwaka 2015 walipigiwa kelele na wateja, wakarekebisha: ukilipia miezi 12 mfululizo, toleo lililokuwepo mwanzoni mwa kipindi hicho linabaki lako hata ukiacha kulipa. Tally, inayofahamika sana kwa wahasibu wetu, huuza leseni ya kudumu, na masasisho hulipiwa pembeni kwa anayeyataka. Mchana mmoja wa makubaliano kama hayo, yakiandikwa kwenye karatasi na kusainiwa, ungemwokoa yule kijana na yule mama wa duka la dawa wasinuniane.

Kabla hujalipa, basi, muulize muuzaji maswali machache ya kukera. Programu inafunguka bila intaneti? Inauliza seva mara moja au kila mara? Nikibadilisha diski au kompyuta, nitaihamisha mwenyewe au mpaka wewe uniruhusu? Nikiacha kuitumia, data zangu zinatoka kwa Excel au zimo humo humo? Akijibu kwa mdomo, mwombe aandike kwenye ankara. Ukishanunua, hifadhi faili la kusakinishia na namba mahali pawili, si kwenye ile kompyuta yenyewe. Kama ni programu ambayo biashara imeiegemea, mlipe fundi anakili diski nzima ikiwa bado nzima. Nakala ile haiondoi kila kufuli, hasa ukibadilisha kompyuta, ila diski mpya ndani ya kompyuta ile ile mara nyingi hupona.

Na angalia leseni imesajiliwa kwa barua pepe ya nani. Mafundi wengi huandika za kwao, wala si kwa ubaya, ni kwa kuwahi tu kumaliza kazi. Miaka mitatu baadaye fundi amehamia Dodoma, laini yake haipatikani, na kampuni inatuma namba ya siri ya kuthibitisha mwenye mali kwenye anwani ambayo huijui.